Anayumba na Hajanywa: Mwongozo kwa Familia ya Mnywaji

Mtu anayejulikana mtaani kwa unywaji akionekana asubuhi anayumba, hakuna anayehangaika kuuliza. Iwe Kihesa, Mtwivila au Ipogolo hapa Iringa, jibu ni lile lile: kaamkia kilabuni. Hata mke wake akiapa kwamba tangu jana mchana hajagusa kikombe, watu humhurumia mama wa watu kwa kudanganywa. Mwongozo huu ni wa mke huyo, pamoja na watoto, kaka, dada na majirani wa mnywaji. Kuyumba kwa mtu ambaye hajanywa, kuchanganyikiwa kunakoendelea baada ya pombe kumtoka, na macho yanayochezacheza au kuona kitu kimoja kama viwili, vyote hivyo vinaweza kuwa dalili za ubongo unaokufa njaa. Njaa hiyo ni ya vitamini, na dawa yake huanza kuonyesha matokeo ndani ya saa chache hadi siku chache ikiwahi kutolewa. Ikichelewa, kilichoharibika aghalabu hakirudi. Kwa hiyo usimwache alale mpaka pombe imtoke, na usingoje aache kunywa kwanza ndipo ufikirie kumlisha na kumtibu. Chakula na tiba vitangulie, habari ya kuacha pombe itafuata.

Vitamini yenyewe inaitwa thiamini, au vitamini B1. Mwili hauwezi kuitengeneza, na akiba yake ni ndogo mno: mtu mzima mwenye afya ana kama miligramu 25 hadi 30 mwilini mwake mwote, na kila siku anahitaji miligramu 1.1 au 1.2 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mtu anayekaa wiki mbili au tatu akinywa kila siku na kula kidogo sana anaweza kuimaliza akiba yote, hata kama mwezi uliopita alikuwa na afya njema. Kazi ya thiamini ni kuviwezesha vimeng'enya vinavyogeuza sukari ya chakula kuwa nguvu ya kuendesha seli. Ubongo una uzito wa asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na ndiyo maana thiamini ikikosekana unakuwa wa kwanza kuumia. Hauumii wote kwa pamoja. Sehemu za katikati kabisa, zinazosimamia mizunguko ya macho, kusimama wima na kuhifadhi kumbukumbu mpya, ndizo zinazotangulia kuharibika. Pombe huingia hapo kwa njia kadhaa: inachukua nafasi ya chakula tumboni na pesa ya chakula mfukoni, inazuia utumbo kunyonya thiamini hata ile kidogo iliyoliwa, inalidhoofisha ini linaloihifadhi, na inaupotezea mwili magnesiamu ambayo thiamini haifanyi kazi bila hiyo.

Kwamba kiini cha ugonjwa huu ni upungufu, na kwamba pombe ni njia mojawapo tu ya kuufikia, ni jambo lililothibitishwa kwa ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka mia. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alipouelezea ugonjwa huu mwaka 1881, wagonjwa wake walikuwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana aliyekunywa asidi ya salfuriki, tumbo lake likaharibika, akawa anatapika kila anachokula. Hakuwa mlevi, lakini ubongo wake uliharibika sawasawa na wa wale wanaume. Miaka michache baadaye, kuanzia 1887, Sergei Korsakoff wa Moscow alieleza hali ya kupoteza kumbukumbu inayofuata baada ya hapo, naye pia aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake hawakuwa wanywaji. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Singapore. Jeshi la Uingereza liliposalimu amri huko Februari 1942, maelfu ya askari waliingia kambini kulishwa wali uliokobolewa ukawa mweupe. Madaktari wafungwa de Wardener na Lennox waliorodhesha wagonjwa 52 wenye dalili za Wernicke, watu ambao pombe ilikuwa ndoto kwao, wakatoa taarifa yao mwaka 1947. Waliopata thiamini mapema walipata nafuu.

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya vita vya Wazungu. Basi tazama karibu. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, Waganda na Warundi, walianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Waliougua walikuwa 241, na wanne walifariki. Uchunguzi ulielekeza kwenye beriberi, yaani upungufu huu huu wa thiamini, safari hii ukiwa umeushika moyo badala ya ubongo. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa afya na nguvu zao, wenye mgao wa chakula kila siku na shibe ya kutosha. Kilichokosekana hakionekani kwa macho kwenye sahani. Na mwaka 2004 kisiwani Mayotte, ng'ambo ya bahari kutoka pwani yetu, watoto wachanga walikufa kwa beriberi wakiwa wananyonya maziwa ya mama zao waliokuwa wakiishi kwa wali mweupe. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mgonjwa wako "ameshiba tu, tatizo ni pombe," usiridhike haraka. Tumbo linaweza kujaa na ubongo ukabaki na njaa.

Hapa kuna pingamizi la haki linalostahili jibu. Pombe yenyewe ni sumu kwa ubongo na ini, inaangusha watu wakapasuka vichwa, inaleta kifafa, inavunja nyumba. Kwa nini basi tuzungumzie vitamini kana kwamba ndiyo shida? Ni kweli kabisa kwamba pombe ina madhara yake bila kujali mtu anakula nini, na hakuna sahani ya maharage itakayomlinda mnywaji na ugonjwa wa ini. Lakini kati ya madhara yote ya pombe kwenye ubongo, hili ndilo lenye dawa ya bei nafuu, na ndilo linaloweza kuzuiwa hata kwa mtu ambaye bado anakunywa. Australia, nchi yenye wanywaji wengi, iliamuru mwaka 1991 kwamba unga wa ngano wa kuokea mikate uongezwe thiamini, na wachunguzi wa maiti waliona vidonda vya Wernicke vikipungua katika miaka iliyofuata. Walevi wa Australia hawakuacha kunywa mwaka huo. Walichopata ni thiamini ndani ya mkate. Sisi Watanzania nasi Machi 1, 2017 tulipiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, kwa sababu nzuri, maana kiasi kidogo cha pesa kilikuwa kinamtosha mtoto wa shule kulewa. Lakini marufuku haimlishi yeyote. Aliyehama kutoka kiroba kwenda gongo au komoni amehama na njaa yake.

Nyanda za Juu Kusini zina hatari yake ya pekee, na anayeishi Iringa au Mbeya anapaswa kuijua kwa miezi. Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi ya mianzi yanapokatwa na utomvu kudondokea kwenye mbeta. Miezi hiyo hiyo, hasa kuanzia Januari hadi Machi, ndiyo miezi ambayo mahindi ya mwaka jana yanaelekea kwisha ghalani na ya mwaka huu hayajakomaa. Bei ya debe sokoni inapanda wakati ulanzi ukiwa mwingi na rahisi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Pombe na njaa zinafika kwa mlango mmoja, na anayeishi kwa kibarua hupitisha siku nzima kwa vikombe akiamini amekula. Ukitaka kujua ni lini umwangalie mjomba wako kwa makini zaidi, ni katika miezi hiyo. Na usidanganywe na sifa ya mkoa kulisha nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta Mkoa wa Iringa ukiongoza Tanzania kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa wamedumaa. Wingi wa gunia na ubora wa mlo ni mambo mawili tofauti.

Wapo watakaosema ulanzi ni chakula, kwamba wazee walikunywa na wakalima mpaka jioni. Katika hoja hiyo kuna ukweli fulani. Pombe ya kienyeji isiyochujwa, yenye hamira na machicha ndani yake, ina vitamini za kundi B ambazo bia ya chupa ina kidogo na gongo haina kabisa. Ulanzi mtogwa, ule mtamu wa siku ya kwanza, una kilevi kidogo. Lakini wazee wale walikunywa baada ya kula ugali wa mahindi yasiyokobolewa, maharage na mboga, na msimu ukipita walipumzika. Anayekunywa mkangafu, ulanzi uliokwisha kuchacha, tangu saa mbili asubuhi bila kutia kitu tumboni hafanyi walichofanya wazee. Hata hizo vitamini chache zilizomo kikombeni zinafika kwenye utumbo ambao kilevi kimeshauzuia kuzinyonya. Gongo ndiyo mbaya kuliko zote kwa upande huu: inatoa nguvu ya kuchoma bila chembe ya thiamini ya kuichomea.

Sasa jikoni, mahali ambapo familia ina uwezo mkubwa kuliko inavyofikiri. Punje ya mahindi imeweka thiamini yake kwenye kiini na maganda ya nje. Mashine inapokoboa ili tupate sembe nyeupe, sehemu kubwa ya thiamini inakwenda na pumba, na pumba tunawapa nguruwe na kuku. Mifugo yetu inakula vizuri kuliko sisi. Jambo hili liligunduliwa kwa kuku kwelikweli: Christiaan Eijkman, daktari Mholanzi kisiwani Java miaka ya 1890, aliona kuku waliolishwa wali mweupe wa hospitali wakiyumba na kupooza miguu, na waliporudishiwa wali wenye ganda wakapona. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Gramu 100 za unga wa dona zina kama miligramu 0.4 za thiamini, na sembe iliyokobolewa vizuri inabaki na chini ya nusu ya hapo. Maharage, njegere na karanga ni bora zaidi. Mbegu za alizeti zinazidi hata hizo, ingawa mafuta yake hayana kitu, kwa kuwa thiamini inabaki kwenye mashudu. Kwa wanaokula nguruwe, kitimoto ndiyo nyama yenye thiamini nyingi kuliko nyama zote za kawaida, hivyo anayekaa kilabuni akaagiza kilo na ugali yuko salama kidogo kuliko mwenzake anayekunywa mikono mitupu.

Kuna kosa moja la jikoni ambalo ningependa liishe kabisa. Thiamini huharibiwa na magadi. Ukitia magadi kwenye maharage ili yaive upesi, unaokoa mkaa na kupoteza sehemu kubwa ya ulichokitafuta kwenye maharage. Yaloweke usiku kucha badala yake, na supu yake usiimwage, maana thiamini huyeyuka na kubaki kwenye maji. Makande ya mahindi yenye ganda na maharage, yaliyopikwa bila magadi, ni mlo wa bei ndogo unaofaa sana kwa mnywaji. Kama hawezi kula asubuhi kwa kichefuchefu, mpe uji wa dona au wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga, kidogo kidogo, kabla hajatoka nyumbani. Ukijua atakwenda kunywa hata ukikataza, basi hakikisha anakwenda akiwa amekula. Najua wapo watakaoona kwamba huko ni kumsindikiza kilabuni. Lakini kumnyima chakula mnywaji ili ajifunze hakujapunguza unywaji wake hata siku moja, na kunamwongezea ugonjwa.

Pingamizi lingine juu ya dona ni la kweli zaidi, nalo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo ya ukungu, na ni kweli kwamba kukoboa huondoa sehemu ya sumu pamoja na maganda. Kwa hiyo dona isitengenezwe kwa mahindi yoyote tu. Mahindi yakaushwe sawasawa juu ya turubai, yahifadhiwe pakavu, na yachambuliwe kabla ya kwenda mashineni, kila punje iliyooza, iliyotoboka au yenye rangi ya kijani na nyeusi itupwe. Kama huna hakika na mahindi yenyewe, kula sembe na utafute thiamini kwenye maharage. Walaji wa mahindi wana jambo jingine la kuangalia. Niasini, vitamini B3, imo kwenye mahindi lakini imefungwa kiasi kwamba utumbo hauipati, na anayeishi kwa mahindi na pombe anaweza kupata pelagra: ngozi ya shingo, mikono na miguu inayopigwa na jua inakuwa nyeusi na kubabuka, anaharisha, kisha akili inavurugika. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi, jirani tu na Mbeya, walipata pelagra baada ya karanga kukatika kwenye mgao wao. Ukiona ngozi ya namna hiyo kwa mnywaji, mwambie daktari, kwa sababu matibabu yake ni tofauti na ya thiamini na mara nyingi upungufu huja kwa makundi.

Vitabu vinafundisha dalili tatu za Wernicke: macho, mwendo na akili. Ukingoja zote tatu utachelewa. Huko Perth, Australia, Clive Harper na wenzake walichunguza kumbukumbu za watu 131 ambao ubongo wao ulionyesha ugonjwa huu baada ya kufa, wakaripoti mwaka 1986 kwamba ni mtu mmoja tu katika kila sita aliyekuwa na dalili zote tatu alipokuwa hai, na ni takriban mmoja katika watano aliyegunduliwa kabla ya kufa. Hizo zilikuwa hospitali zenye vifaa. Ndiyo maana madaktari wengi sasa hutumia kipimo cha wazi zaidi kwa wanywaji: mawili kati ya manne yanatosha kuanza tiba. Manne hayo ni kutokula vizuri, kasoro ya macho, kuyumba, na akili iliyochanganyikiwa au kumbukumbu iliyolegea. Unaweza kuyaangalia ukiwa nyumbani. Mwambie afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa, uone kama mboni zinarukaruka au jicho moja linabaki nyuma. Mtazame akitembea akiwa hajanywa: anapanua miguu, anashika ukuta? Muulize leo ni siku gani na jana alikuwa wapi. Angalia nguo zake kama zimemlegea, na kumbuka mara ya mwisho umemwona akimaliza sahani. Ganzi ya nyayo au miguu kuwaka moto usiku ni dalili kwamba neva za miguuni zimekwishaguswa, na huweza kutangulia mengine.

Ukikuta mawili kati ya yale manne, siku hiyo hiyo mpeleke kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa kama hali ni mbaya. Usimpeleke kimya. Daktari wa zamu mwenye foleni ndefu akimwona mtu ananuka pombe na anaropoka, naye ni binadamu, anaweza kuona ulevi tu. Wewe ndiye unayejua habari ya wiki tatu zilizopita. Mwambie: huyu ni mnywaji wa kila siku, hali chakula tangu lini, anayumba hata asipokunywa, amechanganyikiwa tangu lini, ametapika au hajatapika, naomba umfikirie upungufu wa thiamini. Hakuna dharau katika kusema hivyo. Mwambie kabla ya dripu ya glukosi kuanza ikiwezekana, kwa sababu sukari nyingi inayoingia mwilini bila thiamini inaweza kuharakisha madhara. Kama sukari ya mgonjwa imeshuka kwa hatari, glukosi isicheleweshwe, ila thiamini itolewe pamoja nayo. Daktari pia atataka kuondoa mengine yanayofanana: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, ini lililoshindwa. Mpe nafasi apime, lakini tiba ya thiamini haina haja ya kungoja majibu yote, kwa kuwa madhara yake ni nadra na ya kuchelewa ni makubwa.

Wengi watauliza kama vidonge vya vitamini B kutoka duka la dawa havitoshi. Kwa mnywaji ambaye bado mzima, vidonge pamoja na chakula ni msaada wa kweli. Kwa aliyekwisha kuchanganyikiwa, havitoshi. Utumbo wa mtu mwenye afya hunyonya miligramu 5 hivi tu kutoka dozi moja hata ukimpa nyingi, na wa mnywaji mwenye utapiamlo hunyonya chini ya hapo. Miongozo ya tiba ya Uingereza hutaka mgonjwa wa Wernicke apewe miligramu 500 mshipani mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Kituo chako huenda hakina dozi hiyo. Sindano yoyote ya thiamini inayotolewa leo ni bora kuliko dozi kamili itakayopatikana baada ya siku nne. Macho huanza kutulia ndani ya saa au siku, mwendo huchukua wiki, kumbukumbu ndiyo ya mwisho. Na angalizo hili lisipite: mnywaji mkubwa asiachishwe pombe ghafla nyumbani, wala asifungiwe chumbani. Degedege huweza kumjia ndani ya siku mbili za mwanzo, na baada ya siku mbili hadi nne akaona vitu visivyokuwepo, akatetemeka, hata akafa. Kuachishwa kufanyike chini ya uangalizi wa daktari, thiamini ikiwa imeanza.

Walio kwenye hatari hii si wanywaji peke yao, niongeze haraka. Mama mjamzito anayetapika mfululizo kwa wiki kadhaa, mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, na yeyote anayetapika kila anachokula, wako kwenye hatari ile ile ya yule mwanamke wa Wernicke. Mjamzito akianza kuona viwili viwili na kuyumba, hiyo ni dharura.

Mtaani utasikia mengine. Kwamba amerogwa: basi mpelekeni kwanza hospitali, kwani sindano haimzuii mtu kwenda kwa mzee wa ukoo baadaye, wakati siku tano zilizopotea kwa mganga zinaweza kumgharimu kumbukumbu yake yote. Kwamba fulani amekunywa miaka arobaini na akili yake iko sawa: huenda fulani anakula, na miili hutofautiana katika kutumia thiamini, kwa hiyo bahati ya mmoja haimlindi mwingine. Kwamba kajitakia mwenyewe: hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu husemwa na watu wema. Hata ukikubali kwamba kila kikombe alikinywa kwa hiari yake, hakuchagua kusahau majina ya wanawe. Watakaobeba mzigo wa kumvisha na kumwongoza kwa miaka ishirini ijayo ni mke na watoto ambao hawakunywa kitu.

Wapo ambao watafikishwa wakiwa wamechelewa. Baada ya kuchanganyikiwa kupungua, mtu anabaki na hali aliyoieleza Korsakoff: anazungumza vizuri, anakumbuka shule aliyosoma na timu ya mpira ya ujana wake, lakini hakumbuki aliyemwamkia dakika tano zilizopita. Pengo hilo hulijaza kwa habari anazozibuni bila kujua kwamba anazibuni. Atakuambia jana alikuwa Makambako kununua mbao, naye hajatoka uani wiki nzima. Huyo hasemi uongo, na kumgombeza kunamfadhaisha bure. Kiasi cha robo ya wagonjwa hawa hurejea vizuri, robo hawarejei kabisa, na waliobaki hupata nafuu ya kiasi fulani kwa miezi mingi, mradi wasirudie pombe na wale. Mpangie siku isiyobadilika: kuamka, kula, kazi ndogo aliyoizoea mikono yake, yote kwa saa zile zile. Andika kwa herufi kubwa ukutani leo ni siku gani na nani yuko wapi. Endelea na vidonge vya thiamini kama daktari atakavyoelekeza, na kama anakuwa mkali au haoni usingizi, uliza juu ya kliniki ya afya ya akili hospitalini kabla ya kufikiria kumpeleka hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe.

Na lishughulikieni mapema suala la mali. Mtu wa hali hii anaweza kusaini karatasi ya kuuza kiwanja asubuhi, akapokea pesa, na jioni akaapa kwa moyo mweupe kwamba hajamwona mnunuzi. Wapo wanaozijua dalili hizi kuliko ndugu wenyewe na wanaozitumia. Kaeni kikao cha familia mgonjwa akiwepo, mjulisheni mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi kwamba huyu yuko kwenye matibabu ya kumbukumbu, ombeni barua ya daktari, na hati za kiwanja na kadi ya benki zitunzwe na mtu mnayemwamini nyote. Msifanye hivyo kwa siri nyuma ya mgongo wake. Atasahau kwamba alikubali, na mtalazimika kumweleza tena kesho yake, kwa upole ule ule.